Dakta Aliyetafuta Yai

Dakta Gerishom Ochola alifika Kwa Randu moto ukiwa umeshapoa, na jambo la kwanza lililomuudhi ni kuwakuta watu wakishona makuti.

"Mmeanza lini?" aliuliza.

"Siku ya pili yake," akajibu Lewa, mmoja wa waliounguliwa na nyumba pamoja na ghala la mahindi.

"Mbona haraka hivyo?"

Lewa alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua. "Mvua inakuja, bwana. Na watoto hawalali juu ya mti."

Dakta akaguna. Baadaye aliniambia kwamba watu waliopatwa na janga hupanda ngazi: kwanza hupigwa na butwaa, kisha huomboleza, ndipo hujikusanya na kuanza upya. Watu wa Kwa Randu walikuwa wameruka ngazi mbili bila kumngoja, na hilo lingemsumbua kuandika.

Kwa Randu ni kijiji kidogo upande wa Ganda, nyumba za udongo na makuti, mihogo na mikorosho. Mimi si mzaliwa wa pale. Nilitoka Ukambani nikaja pwani kuchimba mawe ya kujengea, kifua kikakataa vumbi, nikafungua hoteli ya chai njia panda pamoja na mke wangu Mumbua. Dakta alipanga chumba chetu cha nyuma. Hata hakufungua sanduku kabla ya kunieleza kazi yake.

Kazi yake ilikuwa majanga. Si kuyazuia, wala kuyatibu. Kuyafuata. Elimu yenyewe ilikuwa na jina refu, anthropolojia, na alilitamka polepole kama mtu anayetafuta mwiba wa samaki mdomoni. Alianzia kwao Budalang'i, ambako mto ulifurika ukachukua mashamba; akaandika juu ya mafuriko yale, akapata shahada. Ukame wa mwaka wa themanini na nne ulimpeleka kaskazini, akarudi na cheo. Moto wa vibanda vya Nairobi ulimpatia gari. Kila watu walipopoteza, yeye alipata. Sisemi alikuwa mtu mbaya. Alisalimia wakubwa, alikula alichopakuliwa, na alivaa kofia ya ukindu iliyomkaa vizuri. Lakini ungemwambia kuna kijiji ambako mambo ni salama, angeuliza njia ya kutokea.

Moto wetu wenyewe haukuwa na siri. Ilikuwa Januari, mwaka wa themanini na sita, kaskazi inavuma na majani yamekauka hadi yanalia ukiyakanyaga. Tsuma, mwenye shamba la juu, alikuwa anachoma magugu. Mkewe alimwambia angoje upepo utulie. Tsuma haambiwi. Cheche ziliruka kwenye paa la zizi lake mwenyewe, kutoka hapo moto ukateremka kijijini nyumba kwa nyumba. Watu wote walitoka hai, Mungu ashukuriwe, lakini walitoka na nguo walizovaa, basi.

Ukiacha hoteli yangu ya njia panda, ambako moto haukufika, nyumba moja tu ilisalimika, ya Kadzo. Kadzo alikuwa mjane wa kaka yake Tsuma, mwanamke wa rika langu, mrefu, mwenye ulimi. Wiki ile alikuwa ameteremsha paa lake lote ili aezeke upya, na makuti mapya hajayaleta. Moto ulifika kwake, ukakuta kuta za udongo na mbingu, ukapita.

Mtu mwingine angesema ni bahati. Kwa Randu hawakusema bahati. Walisema: alijuaje?

Wa kwanza kusema hivyo ni Tsuma. Tangu kaka yake afe alitaka kumrithi Kadzo, yeye pamoja na mikorosho yake, na Kadzo alimjibu mbele ya watu kwamba shamba analo, jembe analo, na kwa kelele kuku wanamtosha.

"Cheche zilitoka kwangu, sikatai," Tsuma alisema hotelini, chai yake ikipoa. "Lakini upepo je? Nani aliugeuza ukaelekea kijijini? Mimi nina upepo?"

"Wewe una moto, na moto unatosha," nikamwambia.

"Nyamaza, Mkamba. Mambo haya ya uchawi yakichunguzwa, wa kwanza kutajwa ni wewe. Kwenu ndiko yanakotengenezwa."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Lakini haukuwa mzaha mtupu. Mwaka uliotangulia, mzee mmoja wa kijiji cha jirani alitajwa na mburuga, yaani mpiga ramli, kwamba ndiye aliyemaliza ng'ombe wa mwanawe. Alikutwa kisimani, na hakuteleza. Kwa hiyo Tsuma aliposema "alijuaje", Kadzo alielewa kwamba neno lile lina miguu.

Sasa, lazima nieleze desturi ya mburuga, maana bila hiyo huwezi kuelewa ujinga uliofuata. Kwa mburuga huendi ukaeleza shida yako kama unavyomweleza daktari wa hospitali. Ukimweleza, umemfanyia kazi yake. Unakaa kimya, au unamdanganya. Umepotelewa na mbuzi, unasema jino linauma. Kama anaona kweli, atakukatiza: "Acha jino, tuzungumze mbuzi." Hapo ndipo unaitikia "Taire!", yaani ndivyo, umepata. Asipokukatiza, unaaga unakwenda zako.

Basi akaja Dakta. Akauliza kila mtu jina la babu yake na la babu wa babu. Akauliza nani kaoa wapi. Akauliza nani alikuwa amekosana na nani kabla ya moto. Akachukua kijiti akachora mchangani, duara kwa mwanamke, pembetatu kwa mwanamume, na mistari ya kuunganisha. Akazunguka magofu akipima kwa kamba. Hakuleta unga, hakuleta blanketi, hakuleta bati hata moja. Watu walikaa wakafikiri. Mtu mwenye gari, anayekuja baada ya janga bila kuleta kitu, asiahidi kitu, akachora mchangani na kuuliza habari za marehemu, ni nani huyo?

"Ni mburuga," akasema Lewa.

"Mburuga avaa soksi?" akauliza mwingine.

"Wa serikali."

Ikawa hivyo. Na kwa kuwa ni mburuga, wakaanza kumdanganya kwa adabu zote. Lewa, ambaye maishani hakuwahi kumiliki hata mbuzi, alisema moto ulimlia ng'ombe zizi zima, akalia kidogo. Zipporah, mwimbaji wa kanisani, alisema hana mume. Na mumewe, aliyekaa kando yake akimenya muhogo, akakubali kwamba hayupo. Tsuma alisema shemeji yake Kadzo anampenda kama mama mzazi. Dakta akaandika yote, akawapa pole.

Jioni walikusanyika hotelini kupimana.

"Hajanikatiza," alisema Lewa kwa masikitiko. "Ng'ombe wote wale, na hajanikatiza."

"Wewe subiri," akasema Tsuma. "Mburuga mdogo hukatiza. Mkubwa anauacha uongo ujae, halafu anaupasua siku moja mbele ya watu. Na siku hiyo atamtaja mtu."

Hakusema mtu gani. Hakuhitaji.

Mimi sipendi mambo ya kuzunguka. Nilimwendea Dakta akinywa uji, nikamwambia: "Dakta, hawa watu wanakudanganya."

"Wote?"

"Wote. Zipporah ana mume."

"Yupi?"

"Yule aliyesema hayupo."

Akanitazama kwa huruma. "Kioko, ulisoma mpaka darasa gani?"

"La nne."

"Basi sikiliza. Mtu aliyepatwa na janga akisema hana mume, hadanganyi. Anaeleza upweke." Akatoa kalamu, akaliandika na hilo, uso umemng'aa.

Nikamweleza kwamba wanamdhani mburuga, na jinsi mburuga anavyojaribiwa kwa uongo. Alifurahi kuliko alivyofurahi tangu aje. Alisema hiyo ni sura nzima ya kitabu.

Na kitabu ndicho kilichomleta. Katika majanga yake yote matatu Dakta aligundua, au alisema aligundua, kwamba watu hawajiinui wenyewe tu. Yupo mmoja anayewashika wengine wasianguke. Alimwita Nguzo. Budalang'i Nguzo alikuwa katekista, kaskazini mchuuzi wa ngamia, Nairobi mama mpika pombe. Chuo kilikuwa kimemwambia akipata Nguzo wa nne, kitabu kinatoka, na kitabu kikitoka anakalia kiti cha uprofesa. Aidha, mfadhili wake kutoka Ulaya, Bwana Anders, alikuwa anakuja Jumamosi kusikia matokeo mbele ya wanakijiji wenyewe.

Siku ya Alhamisi Dakta alitandaza karatasi kubwa juu ya meza yangu ya mahamri. Vilikuwa viduara na pembetatu tele, na mistari imejaa kama utando. Watu wa Kwa Randu waliweza kumdanganya kuhusu ng'ombe na waume, lakini jambo moja hawakuweza kulificha, kwa sababu aliliona kwa macho: walikokula. Baada ya moto, Kadzo peke yake ndiye aliyebaki na masufuria, kinu na akiba. Kila aliyeunguliwa alikula kwake. Tsuma naye alikula kwake, na akaomba ukoko. Mistari yote ya karatasi ile ilikwenda kwenye duara moja jekundu.

"Ni yule mjane!" akasema Dakta. "Nitamtaja Jumamosi, asimame watu wamwone."

"Ukimtaja umemwua."

"Kwa kumsifu?"

"Hawatasikia sifa. Watasikia ramli. Nilikueleza."

"Nitasema wazi kwamba ni sifa."

"Hakuna mburuga anayesema wazi. Mtaje mwingine. Mtaje Lewa."

"Lewa hana mstari hata mmoja."

"Nitaje mimi."

"Wewe si wa jamii hii."

Nimekaa pale miaka, nimezika na watu wale, nimewakopesha chai, lakini kwenye karatasi sikuwemo. Nikamwambia basi aahirishe. Alikunja karatasi polepole, na kwa mara ya kwanza nikaona uso wake bila ile furaha ya kitabu. Alisema kwa sauti ya chini, "Kioko, nina miaka arobaini na tano. Wenzangu niliosoma nao wote ni maprofesa. Mimi bado naitwa kijana wa mafuriko. Watu hawa si washenzi, hawatamgusa mwanamke aliyewalisha." Alitaka kuamini hivyo, kwa hiyo akaamini.

Nikamwambia Mumbua. Mumbua akamwambia Kadzo. Asubuhi yake Kadzo akaja, akanywa chai kasimama.

"Kioko, huyo mtu wako atanitaja?"

"Atakutaja. Atasema wewe ndiye nguzo ya watu wote."

"Nguzo!" Akacheka kwa pua. "Nimewalisha mihogo mpaka shamba limebaki mashimo, na shukrani yangu ni kufanywa mti."

"Nenda kwa binti yako kule Gede mpaka Dakta aondoke," akasema Mumbua.

"Nikienda nimekiri. Siku hiyohiyo Tsuma atalala chini ya mikorosho yangu akihesabu matawi. Siendi." Akarudisha kikombe. Akatazama uani. "Kuku wako ataga, Mumbua? Mayai ya kwangu wameyala yote."

"Mmoja."

"Nipe yai."

"La kula?"

"Tutaona."

Jumamosi watu walijaa uwanjani, mbele ya nyumba ya Kadzo isiyo na paa, kwa kuwa ndipo walipozoea kukaa wakingoja chakula. Wanaume wengi walikuwa na mapanga; walitoka kukata fito za nyumba. Dakta alitundika karatasi yake kwenye kamba ya nguo. Bwana Anders alikaa kwenye kiti changu cha hoteli, mwekundu kama kamba aliyechemshwa, akitabasamu kwa kila mtu. Kiswahili hakujua hata "hapana".

Dakta akasimama. Na hapa nisiseme mengi, niseme alivyosema.

"Ndugu zangu, nimekaa nanyi, nimesikiliza. Moto ule haukuwa jambo dogo. Na mimi nimesafiri, nimeona majanga mengi, na nawaambieni: katikati ya kila janga yupo mtu."

Ikaja sauti ya Tsuma: "Taire!"

"Wanasemaje?" Dakta akaninong'oneza.

"Wanasema umepata. Dakta, nyamaza sasa."

Hakunyamaza. Alimtafsiria Bwana Anders kwamba wameafiki, naye Bwana Anders akaandika. Moto wa maneno ukampanda.

"Mtu huyu mmekula kwake!"

"Taire!" Sasa ni watu wengi.

"Alikuwa na kitu ambacho ninyi nyote hamkuwa nacho!"

"Taire!"

"Moto ulipofika kwake, ulipita!"

"Taire! Taire!" Wazee walikuwa wamesimama. Zipporah alijifunika uso kwa kanga.

"Njia zote," akasema Dakta akipiga lile duara jekundu kwa kidole, "zote, zinaelekea kwa mjane Kadzo. Mama Kadzo, simama watu wakuone!"

Akaanza kupiga makofi. Bwana Anders naye akapiga makofi. Walikuwa wawili tu. Wengine walikuwa wanamtazama Kadzo, na wale wenye mapanga walikuwa wamesogea bila kuambiwa, kama maji yanavyojisogeza bondeni. Niliona Dakta anaangalia mapanga, kisha makofi yake yakapungua, yakakoma. Bwana Anders aliendelea peke yake.

Kadzo akasimama. Alijipangusa kanga, akajibu kama mtu aliyeamkiwa.

"Nimesikia. Nimetajwa. Lakini tuulizane kwanza, nimetajwa na nani? Tsuma, shemeji yangu unipendaye kama mama, huyu ni nani?"

"Wamjua."

"Simjui. Kama ni dakta wa vitabu, basi hajasema mimi mchawi. Amesema nimewapikia, na kweli nimewapikia, nendeni mkaoshe masufuria. Kama ni mburuga, ndipo niogope. Sasa ni nani? Mbele ya watu."

Tsuma aliona mtego, lakini pande zote mbili zilikuwa na mwiba. Akisema dakta, mikorosho imekwenda. "Ni mburuga!" akasema.

"Nyote mwasema ni mburuga?"

Wakasema ndiyo.

"Na mburuga akimtaja mtu, aliyetajwa ana haki gani?"

Mzee mmoja akakohoa. "Ya kumjaribu."

"Haya." Akatoa yai kwenye fundo la kanga. Akaokota kaa lililozimika la moto uleule, akachora msalaba kwenye ganda, akaliinua watu walione. "Nalificha. Akilipata, nimeshindwa, nifanyieni mnalotaka. Asipolipata, mdomo wake ni mdomo tu. Shahidi awe Mumbua. Si wa kwangu, si wa Tsuma, na Wakamba mwasema wajua mambo."

Hakuna aliyeweza kukataa, maana ndiyo desturi. Mumbua na Kadzo wakaenda nyuma ya nyumba. Mke wangu aliniambia jioni ileile walichofanya huko, na mimi naona bora nikuambie sasa hivi. Kadzo aliligonga yai kwenye jiwe, akalimeza bichi, akalisaga ganda mkononi mpaka likawa unga, akalilamba. Kisha akapangusa mdomo akasema, "Umeona nilipoliweka?" Mumbua akasema, "Nimeona." Wakarudi. Mumbua alikuwa amekaza uso kama mtu anayezuia chafya.

Dakta aliuliza kunani. Nikamwambia: "Utafute yai. Na ukiwa na akili, usilipate."

Lakini Bwana Anders alikuwa amekwisha kuinama sikioni mwake akiuliza, na Dakta akamjibu, na Bwana Anders akapiga goti lake kwa furaha. Alikuwa ameambiwa kwamba huu ni mchezo wa jamii wa kujiponya. Kwa hiyo Dakta hakuweza kukataa, wala hakutaka kuonekana hajui. Alifanya kama alivyozoea. Alimwendea Kadzo na kalamu.

"Mama, kabla ya kulificha yai hili, ulijisikiaje?"

"Vizuri."

"Na baada ya kulificha?"

"Vizuri zaidi."

Mtu mmoja nyuma akapasuka kicheko. Dakta akawauliza waliokaa karibu kama wanahisi yai liko wapi. Lewa akasema kwa uso mkavu, "Zizini, kwa ng'ombe wangu." Dakta akaelekea kwenye majivu ya zizi la Lewa, ambalo halikuwahi kuwapo, akazunguka akilitafuta zizi lenyewe.

Akatazama kinuni. Akapekua kuni. Akapiga magoti jivuni, suruali ikawa nyeusi mpaka mapajani. Bwana Anders hakukubali kuachwa. Alivua koti, akaingia kwa tumbo katika kibanda cha kuku cha Kadzo, tukabaki kuona viatu. Kuku wakapiga kelele. Viatu vikatulia. Kisha akatoka kinyumenyume, manyoya kichwani, na mkononi ameshika yai.

"Taire!" akanguruma Tsuma.

Nilimtafuta Mumbua kwa macho, nikaona ameshika kinywa. Mwenye panga aliyekuwa karibu nami alikuwa Lewa. Alikula kwa Kadzo kila siku, na sasa ilimbidi achague.

Kadzo hakusogea. "Ligeuze," alisema.

Bwana Anders hakuelewa. Lewa akalichukua yai, akaligeuza huku, akaligeuza kule, akaliinulia jua. Halikuwa na alama. Lilikuwa la joto.

"Hilo ni la kuku," akasema Kadzo. "Langu lina msalaba. Endelea, mburuga."

Lewa akacheka kwanza. Kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo. Kisha kikawashika wanawake, kikawashika wazee, mapanga yakashuka kwa sababu mtu hawezi kucheka vile akiwa ameinua kitu kizito. Dakta alitafuta bado, lakini alikuwa anatafuta kama mtu anayetafuta pa kupitia. Mwisho akaja mbele ya Kadzo, akamuuliza kwa upole liko wapi.

"Mburuga haulizi," akasema Kadzo.

"Mimi sikuwa na ng'ombe!" Lewa akapaza sauti. "Hata mmoja! Na hukuona!"

"Na mimi nipo!" akasema mumewe Zipporah, akisimama juu ya gogo ili aonekane. "Huyu ni mke wangu! Nipo, tangu mwanzo nipo!"

Wakaanza kuungama mmoja mmoja, kwa shangwe, kila mtu na uongo wake. Dakta alisimama katikati, magoti meusi, kofia imekaa upande. Nilimwonea huruma. Alinitazama, nikafikiri sasa atasema neno la kweli, japo moja. Kisha akamtazama Bwana Anders, ambaye hakuelewa lolote ila kicheko, na macho ya Bwana Anders yalikuwa yamejaa machozi kwa uzuri wa watu wanaocheka juu ya majivu yao. Dakta akavuta pumzi. Akamwinamia, akamweleza kitu kwa Kiingereza, kirefu. Bwana Anders akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

Waliondoka Jumapili. Kitabu kilitoka, na sura ndefu kuliko zote ni ya yai. Mwalimu wa shule aliyekisoma alinieleza: kinasema kwamba watu wa pwani, baada ya janga, huficha yai na kulitafuta pamoja ili warudishe umoja, na kwamba mume asiyekuwepo ni alama ya upweke. Dakta sasa ni profesa. Nasikia ana ofisi yenye zulia, na huitwa ng'ambo kueleza jinsi maskini wanavyojiinua.

Tsuma hakukubali. Alisema yule alikuwa mburuga wa mjini, macho yake yameharibiwa na vitabu, na akaleta mwingine kutoka ng'ambo ya mto Sabaki, mtu mwenye sifa na vibuyu vyake. Kadzo alimpokea vizuri. Akampa kigoda, akampa uji, akamwambia: "Karibu baba. Ila lipo yai langu lenye msalaba, halijapatikana bado. Watu wote ni mashahidi. Anzia hapo, kisha unitaje." Yule mtu alizunguka nyumba mara moja, akanusa, akatazama kinu, akamtazama Kadzo usoni muda mrefu. Akasema amesahau kibuyu kimoja nyumbani. Alikwenda kukichukua, na hajarudi.

Wa pili alikuwa kijana na mwenye haraka. Aliona yai mara moja. Alisema liko chini ya nyumba mpya ya Tsuma, upande wa nguzo ya kati, limezikwa na mchawi aliyeingia kinyumenyume. Tsuma alitaka kubisha, lakini yeye ndiye aliyemleta. Wakaanza kuchimba asubuhi. Jua lilipokuwa kali, shimo lilikuwa limewafika kiunoni na mchanga umefunika mlango, na paa lilikuwa limeanza kuinama.

Kadzo alipita na mzigo wa kuni kichwani. Akasimama ukingoni, akachungulia.

"Chimbeni taratibu," akasema. "Litavunjika."